Sheria yasemaje kuhusu kunakili diski za filamu nyumbani?

SHANGAZI yangu ana diski moja ya DVD ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa ila yeye mwenyewe. Ni ya harusi ya bintiye, iliyofanyika mwaka wa 2006, na ndani yake nyanya yetu, ambaye amekwisha kututoka, anaonekana akicheza kwa muda wa dakika tatu hivi. Familia nzima haina picha nyingine ya nyanya akitembea wala akisema. Siku hizi diski hiyo hukwama mara mbili tatu kabla ya kufika pale anapoinuka kitini.

Nilipomshauri shangazi tuinakili kabla haijaharibika kabisa, alishtuka. "Mwanangu, kwani hukuyaona maandishi yale ya mwanzoni? Wanasema ukinakili ni jela." Ni kweli. Mpigapicha aliyeajiriwa siku hiyo aliweka mwanzoni onyo refu la Kiingereza lenye kutaja faini na kifungo, ambalo yamkini aliliiga kutoka kwa filamu za Marekani.

Kinaya ni kwamba katika sebule hiyo hiyo, chini ya runinga, palikuwa na rundo la diski zisizo na jalada wala stempu, zilizoandikwa majina ya filamu kwa kalamu ya wino mzito, na ambazo wajukuu walikuwa wamezinunua mjini kwa shilingi hamsini kila moja. Hizo hazikumtia mtu yeyote hofu.

Hali hiyo si ya nyumba ya shangazi pekee. Wengi wetu huogopa kunakili kilicho chetu, ilhali cha wenzetu tunakinakili mchana kweupe. Ndiyo sababu inafaa tujue sheria inasema nini hasa, maana swali hili la kunakili diski nyumbani lina majibu zaidi ya moja, na kila jibu linategemea ni diski gani, ya nani, na nakala inakwenda wapi.

Sheria inayohusika hapa nchini ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003. Imefanyiwa marekebisho tangu hapo, yaliyo makubwa zaidi yakiwa ya mwaka wa 2019. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwenye filamu ndiye peke yake mwenye haki ya kuitoa nakala, kuisambaza kwa kuuza au kukodisha, kuiingiza nchini na kuitangaza kwa umma. Haki hiyo hudumu miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambao filamu ilitengenezwa au kutolewa kwa umma.

Kwa hivyo anayenunua diski dukani hanunui filamu. Amenunua kipande cha plastiki na ruhusa ya kukitazama. Ni sawa na kununua kitabu: karatasi ni zako, maneno si yako. Unaweza kumpa jirani diski hiyo, kuiuza ikiwa imetumika, hata kuivunja ukitaka. Kutoa nyingine kutokana nayo ni jambo tofauti.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo imeacha mlango wazi. Inasema kwamba haki ya mwenye kazi haikiukwi pale mtu anapoitumia kwa njia ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi ya kibinafsi, uhakiki au kuripoti matukio ya sasa, mradi chanzo kitajwe. Maneno ya kutiliwa maanani kwetu ni hayo ya "matumizi ya kibinafsi". Sheria haikutaja idadi ya nakala wala haikusema ni diski ya aina gani. Imesema tu kwamba matumizi yawe ya haki, na kupima haki hiyo ni kazi ya mahakama.

Kwa maoni yangu, aliyenunua diski halali akaitolea nakala moja ya akiba ili watoto wasiiharibu ile ya asili, ana hoja nzito mbele ya hakimu yeyote. Aliyeazima diski ya mwenzake akainakili ili asilazimike kununua yake, hoja yake ni nyepesi zaidi, kwani nakala hiyo imechukua mahali pa mauzo. Naye anayetoa nakala kumi akawagawia majirani, hata bila kupokea senti, amekwisha kutoka katika matumizi ya kibinafsi na kuingia katika usambazaji.

Sehemu ya sheria inayohusu jinai ina makali zaidi, na inafaa isomwe kwa makini. Inamwandama anayetengeneza nakala haramu ili auze au akodishe, anayeuza, anayesambaza, anayeingiza nchini, na pia mwenye mitambo ya kutengenezea nakala hizo. Adhabu ni faini, na kifungo kinachoweza kufika miaka 10. Lakini inapofika kwa mtu anayepatikana tu na nakala haramu, sheria inatenga waziwazi zile alizo nazo kwa matumizi yake ya kibinafsi na ya nyumbani. Kwa maneno mengine, mkono wa jinai umeelekezwa kwa mwenye duka kuliko mwenye sebule.

Isije ikadhaniwa kwamba diski ya shilingi hamsini ni halali kwa sababu iko nyumbani kwako. Ni nakala haramu popote ilipo. Wala kinga hiyo haimfuati mtu akiipeleka diski nje ya nyumba. Mwenye baa, mwenye basi la abiria au mwenye banda la video anayeionyesha filamu kwa wateja anaionyesha kwa umma, naye anahitaji kibali hata kama diski yake ni ya asili na alilipia bei kamili.

Sasa turudi kwa shangazi. Diski yake ya harusi ina kanuni yake pekee, nayo ni ya manufaa kwa kila familia iliyowahi kumwajiri mpigapicha. Sheria yetu inasema kwamba kazi inapotengenezwa kwa kuagizwa, na aliyeagiza si mwajiri wa kudumu wa mtengenezaji, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao walikubaliana vinginevyo. Shangazi ndiye aliyeagiza. Ndiye aliyelipa. Hapakuwa na mkataba wowote wa kumnyima haki hiyo. Basi lile onyo la mwanzoni lilikuwa likimtisha mwenye mali kwa mali yake. Kama kuna aliyehitaji ruhusa, ni mpigapicha, endapo angetaka kuitumia harusi hiyo kutangaza biashara yake.

Kuna jambo moja la pembeni. Wapigapicha wa harusi wana mazoea ya kutia nyimbo za wasanii mashuhuri juu ya picha. Nyimbo hizo hazikuhamia kwa shangazi pamoja na picha. Kuitazama diski nyumbani hakuna neno, lakini anayeiweka video hiyo kwenye YouTube asishangae akiarifiwa kwamba kuna mwenye wimbo anayedai haki yake.

Je, na diski ya filamu ya Hollywood iliyonunuliwa kwa pesa nzuri katika duka halali? Hapa ndipo mambo yanapotatizika, kwa sababu ya kufuli.

DVD zilipoanza kuuzwa nchini Japani mwishoni mwa mwaka wa 1996, na Marekani mwaka uliofuata, kampuni za filamu zilikuwa na hofu kubwa. Kanda ya VHS ikinakiliwa hufifia, na nakala ya nakala hufifia zaidi. Nakala ya kidijitali haifanyi hivyo, kwani ya mia moja ni sawa na ya kwanza. Kwa hivyo DVD nyingi za filamu kubwa zilifungwa kwa mfumo uitwao CSS, ambao huzivuruga picha na sauti kwa hesabu za siri. Ufunguo wa kuzipanga tena huwekwa mahali maalumu kwenye diski, na mahali hapo kwenye diski tupu za kawaida huwa pamezibwa tangu kiwandani. Anayehamisha faili hivi hivi hadi diski tupu huachwa na filamu isiyo na ufunguo, na deki haiwezi kuionyesha ipasavyo.

Kufuli hilo halikudumu. Mnamo Oktoba 1999 ilisambaa kwenye intaneti programu ndogo iitwayo DeCSS, iliyolifungua. Miongoni mwa waliohusika alikuwa kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Alijitetea kwamba alitaka tu kutazama diski zake kwenye tarakilishi inayotumia mfumo wa Linux, ambao wakati huo haukuwa na programu yenye leseni ya kufanya hivyo. Serikali ya nchi yake ilimshtaki. Mahakama ya Oslo ilimwachilia Januari 2003, na rufaa ya upande wa mashtaka ikashindwa Desemba mwaka huo huo. Majaji walisema mtu aliyenunua diski kihalali havunji nyumba ya mwenzake anapoingia katika mali yake mwenyewe.

Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka wa 1984 Mahakama ya Juu ya huko ilikuwa imeamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kurekodi kipindi cha runinga nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Lakini mwaka wa 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya inayokataza kulivunja kufuli la kidijitali, na kukataza kuuza vifaa vya kulivunjia. Kampuni ya 321 Studios, iliyokuwa ikiuza programu ya kutolea nakala za akiba za DVD, ilishindwa kortini Februari 2004 na kufunga milango Agosti mwaka huo. Tangu hapo maombi ya kuruhusu wananchi wavunje kufuli kwa ajili ya nakala ya akiba yamewasilishwa mara kadhaa na kukataliwa.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Ufaransa. Mtu mmoja alinunua DVD ya filamu Mulholland Drive, akataka kuihamishia kwenye kanda ya VHS ili aitazame nyumbani kwa mamake. Kufuli likamzuia. Akisaidiwa na chama cha kutetea wanunuzi, alikwenda mahakamani. Alishindwa mwaka wa 2004, akashinda katika rufaa mwaka wa 2005, kisha Februari 2006 mahakama ya juu kabisa ikaubatilisha ushindi huo. Ilisema kwamba ruhusa ya kunakili kwa matumizi ya nyumbani haiwezi kumzuia mwenye filamu kuweka kufuli pale ambapo kunakili kungeathiri biashara ya kawaida ya kazi yake.

Uingereza nayo ilijaribu. Kuanzia Oktoba 1, 2014 iliwaruhusu wananchi kutoa nakala za kibinafsi za kazi walizonunua, bila kuwapa ruhusa ya kuvunja kufuli. Haukupita mwaka kabla ya Mahakama Kuu kuifuta kanuni hiyo, Julai 2015, baada ya vyama vya wanamuziki kulalamika kwamba serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha wa kueleza kwa nini wasanii wasilipwe fidia. Katika nchi nyingi za Ulaya fidia hiyo hupatikana kwa tozo ndogo juu ya diski tupu na vifaa vya kurekodia, na Ujerumani ina mpango wa namna hiyo tangu mwaka wa 1965. Sheria yetu ya 2001 nayo ilitaja tozo kama hiyo, kwa ajili ya rekodi za sauti.

Kuhusu kufuli, Kenya imesimama karibu na Marekani. Sheria yetu inahesabu kuwa ukiukaji kitendo cha kukwepa au kuvunja kizuizi cha kiufundi kilichowekwa kulinda kazi, na hali kadhalika kutengeneza au kusambaza vifaa vya kufanyia hivyo. Haikuweka karibu na maneno hayo msamaha kwa anayevunja kufuli la diski yake mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani. Hivyo mkono mmoja wa sheria umekupa ruhusa ya kunakili, na mwingine umekunyima njia ya kufikia ruhusa hiyo. Wabunge walipoirekebisha sheria mwaka wa 2019 walikuwa na nafasi ya kulinyoosha jambo hili. Ni masikitiko kwamba hawakufanya hivyo.

Lakini fikiria, msomaji, ni nani hasa anayelindwa na kufuli hilo. Ni kampuni kubwa za ng'ambo. Watayarishaji wetu wa Riverwood, waliolipata jina hilo kutokana na barabara ya River Road jijini Nairobi, waliuza kazi zao kwa miaka mingi katika diski za VCD. VCD haina kufuli la CSS. Mtu yeyote mwenye tarakilishi aliweza kuihamisha filamu nzima kwa dakika chache. Mtayarishaji aliyeuza shamba la babake ili alipe waigizaji hakuwa na kinga nyingine ila sheria, stempu ya Bodi ya Hakimiliki Kenya, KECOBO, na dhamiri ya mnunuzi. Stempu ilimsaidia mnunuzi kutofautisha nakala halali na haramu. Haikumzuia mwenye duka la jirani kuichoma filamu ile ile jioni hiyo hiyo.

Hapo ndipo neno "nyumbani" linapotumiwa vibaya. Biashara nyingi za kuuza filamu haramu zilianzia katika chumba cha kulala, kwa tarakilishi moja na boksi la diski tupu, mwenyewe akisema anawanakilia marafiki tu. Siku hizi diski zenyewe zinapotea, tarakilishi mpya nyingi hazina hata mahali pa kuzitia, na mteja huenda dukani na flashi yake akajaziwa filamu kumi kwa mara moja. Chombo kimebadilika, kosa ni lile lile. Aliyelipwa kwa kutoa nakala hana pa kujificha katika matumizi ya kibinafsi.

Wanaonunua nakala hizo nao hupunjwa, ingawa hawajui. Diski tupu ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ilhali filamu nyingi za kiwandani huwa katika diski ya tabaka mbili yenye nafasi ya gigabaiti 8.5. Ili filamu itoshe, hukamuliwa. Zile diski zilizodai kubeba filamu 20 kwa pamoja zilikamuliwa hivi kwamba nyuso za waigizaji zilibaki miraba miraba kila walipokimbia.

Tukiachana na uharamia, wenye diski kama ya shangazi hawana muda wa kupoteza. Diski ya kiwandani hupigwa chapa kwa mashine, lakini ile iliyochomwa na mpigapicha huhifadhi picha katika rangi maalumu ambayo huathiriwa na joto na mwanga wa jua. Diski iliyokaa miaka juu ya deki yenye moto, au kwenye dashibodi ya gari, inaweza kuonekana safi kwa macho na huku ndani imekwisha kufifia.

Ipanguse kwa kitambaa laini, ukianzia katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Mwanya unaozunguka pamoja na diski hufuta mfululizo mrefu wa picha, ilhali unaokatiza hugusa kidogo kidogo tu, na mashine huweza kujirekebisha. Kama tarakilishi yako haina mahali pa diski, kuna visomaji vya kuunganisha kwa waya wa USB. Diski ya harusi kwa kawaida haina kufuli, hivyo unaihamisha folda nzima ya video hadi kwenye tarakilishi bila hila yoyote. Ikikwama, jaribu kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa, kwani vingine husoma kile ambacho vingine vimeshindwa. Kisha weka nakala mbili mahali pawili tofauti, moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Ukiipeleka kazi hii kwa mwenye saiba, keti hapo hadi mwisho na uhakikishe hakubaki na nakala.

Shangazi alikubali hatimaye, baada ya kuelezwa mara tatu kwamba mali ni yake. Tuliifanya kazi hiyo mezani pake Jumapili moja alasiri, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Kisomaji cha kwanza kilishindwa. Cha pili kilinguruma kwa karibu saa nzima, kikasimama, kikaendelea. Sekunde chache zimepotea, pale nyanya anapoinuka kitini. Kucheza kwenyewe kumesalia kote.